Kusoma na Kugeuza Vitabu vya Kielektroniki kwa Simu: Mwongozo Kamili kwa Wasomaji wa Mombasa

Simu nyingi hapa Mombasa zimebeba vitabu ambavyo mwenyewe hajavisoma. Mwalimu ametuma muhtasari wa somo kwa WhatsApp, jamaa ametuma diwani ya mashairi, chuo kimetuma kitabu cha kiada. Vyote vimefunguliwa mara moja, herufi zikawa ndogo mno, ukurasa ukakataa kutulia, vikafungwa. Mtu hujilaumu kwamba hana subira ya kusoma kwenye simu. Mara nyingi kosa liko kwenye faili, au kwenye programu iliyotumika kulifungua, na yote mawili yanarekebishika kwa simu hiyohiyo, bila kompyuta.

Jambo moja nalisisitiza kabla hatujaanza. Watu hukimbilia kugeuza kitabu kutoka aina moja ya faili hadi nyingine kabla hawajajua wana nini mkononi. Kugeuza huja mwisho. Kila ukigeuza, kuna kitu hupotea: mara vichwa vya sura, mara picha, mara mpangilio wa beti. Basi tambua faili lako kwanza, ulifungue kwa programu inayolifaa, upange ukurasa vizuri, na ukiona bado halisomeki ndipo uligeuze.

Tambua faili lako

Fungua programu ya kusimamia mafaili kwenye simu yako, uingie folda ya Download. Kama kitabu kilikuja kwa WhatsApp na hukioni hapo, pita njia hii: Android, kisha media, com.whatsapp, WhatsApp, Media, halafu WhatsApp Documents. Ukishakipata, tazama herufi zinazofuata nukta ya mwisho katika jina lake.

PDF ndiyo utakayokutana nayo zaidi. Kampuni ya Adobe iliitoa mwaka 1993 ili ukurasa uonekane sawasawa kwenye kila mashine na kila printa, na mwaka 2008 ikawa kiwango cha kimataifa. Sifa hiyo ndiyo inayotutesa kwenye simu. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, na kioo cha simu ya kawaida ukiishika wima kina kama sentimita 7. Ukurasa mzima ukiingizwa humo, herufi ya pointi 12 inakuwa kama ya pointi 4. Ukiikuza, mistari inatoka nje ya kioo, unabaki kusukuma ukurasa kushoto na kulia hadi hamu inaisha.

EPUB ilitengenezwa kwa ajili ya kusoma kwenye kioo. Ilikubaliwa kuwa kiwango mwaka 2007, na tangu 2017 iko chini ya W3C, jumuiya ileile inayosimamia viwango vya tovuti. EPUB ni kama maji, hufuata umbo la mtungi: ukiongeza ukubwa wa herufi, maneno yanajipanga upya na hakuna mstari unaotoka nje. Kwa ndani ni kurasa ndogo za tovuti zilizofungwa pamoja katika faili moja la zip. Ndiyo maana baadhi ya vivinjari hukosea, vikakihifadhi kitabu chako kwa jina linaloishia .zip. Likikutokea hilo usilifungue kama zip. Badilisha jina, mwisho uwe .epub, na kitafunguka.

MOBI na AZW3 ni za ukoo wa Kindle, kifaa na programu ya Amazon ya kusomea vitabu. MOBI ilianzia kwa Mobipocket, kampuni ya Ufaransa ambayo Amazon iliinunua mwaka 2005. Siku hizi inazeeka: tangu 2022 huduma ya Amazon ya kutuma vitabu kwenye Kindle inapokea EPUB, na MOBI imeachwa. DOCX na TXT ni maandishi ya kawaida, na kwa kugeuza ndiyo rahisi kuliko zote.

Ukiona jina linaishia .apk, hata kama mwanzo wake ni jina la kitabu unachokitafuta kwa hamu, lifute. Hiyo ni programu ya kusakinishwa kwenye simu, na anayeivisha jina la kitabu hakutakii heri. Simu hiyo ndiyo yenye M-Pesa yako.

Sasa fanya jaribio moja dogo kwa PDF yako, maana ndilo litakaloamua kila kitu huko mbele. Bonyeza neno lolote katikati ya ukurasa na ushikilie. Neno likipakwa rangi, PDF yako ina maandishi. Usipoweza kulichagua, basi kila ukurasa ni picha tu, mtu alikiskani kitabu, na simu haioni herufi hata moja humo.

Chagua programu ya kusomea

Kwa mtu anayeanza kwenye Android, ninapendekeza ReadEra. Ni ya bure, haina matangazo, haikudai ufungue akaunti, na inafungua PDF, EPUB, MOBI, AZW3, DOCX, TXT na DJVU. Soma tena orodha hiyo. Mtu aliyekuwa akihangaika kugeuza MOBI iwe EPUB huenda hana haja ya kugeuza chochote. Alikosa programu tu.

Librera ni nzuri kwa anayependa kuchezea mipangilio, na ina njia nyingi za kushughulika na PDF ngumu. KOReader, inayopatikana F-Droid (duka la programu huria za Android), sura yake ni kavu na inahitaji kuzoewa, lakini kwa vitabu vilivyoskaniwa sijaona inayoishinda: hukata picha ya ukurasa neno kwa neno na kuipanga upya ienee kwenye kioo. Mwenye iPhone aanze na Apple Books aliyonayo tayari. Inafungua EPUB na PDF, ila MOBI haiijui.

Pakua programu ukiwa kwenye Wi-Fi, na ukiweza pakua na vitabu hapohapo. Riwaya ya maneno matupu katika EPUB huwa kama MB 1 au pungufu, bando dogo kabisa linaitosha. Kitabu kilichoskaniwa kinaweza kufika MB 50 au zaidi. Vyote viwili, vikishaingia, vinasomwa bila intaneti: kwenye foleni ya Feri ya Likoni, kwenye matatu iliyokwama Changamwe, au usiku stima zikipotea.

Ukishaisakinisha ReadEra:

1. Ifungue na uiruhusu kuona mafaili ya simu. Itavitafuta vitabu vyote yenyewe, pamoja na vile ulivyosahau kwamba unavyo.
2. Gusa kitabu unachokitaka, kisha gusa katikati ya kioo ili menyu zitokee.
3. Ingia kwenye mipangilio ya kusoma. Hapo usiwe na haraka.

Panga ukurasa kwa ajili ya Kiswahili

Programu hizi zimetengenezwa na watu waliokuwa wakifikiria lugha nyingine, na hilo linaonekana pale maneno marefu yanapoingia. Kiswahili hubeba sentensi nzima ndani ya neno moja. "Hawakutufahamisha" ni herufi 17, na kwenye kioo chembamba hilo ni karibu nusu ya mstari.

Mipangilio ya kawaida ya programu hunyoosha ukingo wa kulia, kama gazeti. Mstari ukiwa na maneno matatu tu marefu, programu inajaza nafasi kubwa kati yao na ukurasa unakuwa na mashimo. Badilisha: panga maandishi yaanzie kushoto na kulia kuachwe wazi. Ni badiliko la mguso mmoja, na jicho linatulia papo hapo.

La pili ni kukata maneno mwishoni mwa mstari. Programu ikidhani kitabu ni cha Kiingereza, itakata kwa kanuni za Kiingereza, nawe utaona "wam-etoka" au "kit-abu". Zima kipengele hicho kabisa. Anayejifunza kusoma, mtoto au mtu mzima, akatiwe neno kwa silabi au asikatiwe.

Ukubwa wa herufi: ongeza mpaka mstari mmoja ubebe herufi 35 hadi 40 hivi. Nafasi kati ya mistari iwe kama mara 1.3 ya herufi. Pambizo ziwe nyembamba, kwa sababu kioo chenyewe ni chembamba. Mchana nje, kwa mwangaza wa pwani yetu, tumia maandishi meusi juu ya nyeupe na uongeze mwanga. Usiku geuza iwe ukurasa mweusi au wa rangi ya karatasi kuukuu. Ukurasa mweusi huokoa betri kwenye vioo vya OLED tu (ambavyo sehemu nyeusi haitoi mwanga), kwingine ni raha ya macho.

PDF ngumu: jaribu haya kabla ya kuigeuza

Geuza simu ilale. Upana unakaribia kuongezeka maradufu, na PDF nyingi za kurasa ndogo zinasomeka hapohapo. Kisha kata pambizo: karibu kila programu nzuri ina kitufe cha kuondoa weupe wa pembeni mwa ukurasa, na weupe huo mara nyingi ni robo ya upana. Kama kitabu kiliskaniwa kurasa mbili kwa pamoja, tafuta mpangilio wa kugawa ukurasa katikati. ReadEra na Librera zote zinao.

Kwa vitabu vyenye majedwali, ramani, michoro ya uhandisi au milinganyo ya hesabu, simama hapo. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa pale Tudor anayesoma saketi za umeme asipoteze jioni yake kugeuza kitabu hicho kuwa EPUB. Michoro itatawanyika na namba zitaachana na vipimo vyake. PDF iliyolazwa na kukatwa pambizo ndiyo bora kwake.

Kugeuza maandishi yako mwenyewe kuwa EPUB

Hii ndiyo kazi inayofanikiwa zaidi kwenye simu, na ndiyo ningependa walimu wetu, maimamu, wachungaji na watunzi waijue. Ukiwa na hati ya Word au umeandika kwenye Google Docs, unaweza kutoa kitabu safi kabisa.

1. Fungua hati ndani ya programu ya Google Docs. Kama ni DOCX, ihifadhi kwanza kama hati ya Google Docs: gusa vidoti vitatu juu kulia, ingia sehemu ya kushiriki na kutoa nakala, utaona chaguo hilo.
2. Nenda kwenye kichwa cha sura ya kwanza. Kichague, gusa herufi A ya mpangilio iliyo juu, fungua mitindo, ukipe mtindo wa Kichwa cha 1. Rudia kwa kila sura. Vichwa vidogo vipe Kichwa cha 2.
3. Ondoa mistari mitupu iliyowekwa kusukuma maandishi chini. Ukitaka sura ianze ukurasa mpya, ingiza mkato wa ukurasa.
4. Tumia utafutaji na ubadilishaji ulio kwenye vidoti vitatu kufuta nafasi mbilimbili kati ya maneno.
5. Rudi vidoti vitatu, sehemu ya kushiriki na kutoa nakala, kisha hifadhi kama, na uchague EPUB.
6. Kifungue kwa ReadEra, utazame orodha ya sura.

Hatua ya pili ndiyo roho ya kazi. Kichwa kilichokolezwa wino tu, bila mtindo, hakihesabiwi kuwa kichwa. EPUB itatoka bila orodha ya sura, na msomaji wa kurasa 200 atakosa pa kushika.

Tazama pia alama ya ng'. Google Docs na kibodi za simu hubadilisha kikato kilichonyooka kuwa kilichopinda, na si mara zote kwa namna ileile. Matokeo yake "ng'ombe" katika sura ya kwanza na "ng’ombe" katika sura ya tano vinaonekana sawa kwa jicho, lakini simu inaviona vitu viwili. Msomaji akitafuta neno, nusu ya majibu hayatoki. Chagua kikato kimoja, ubadilishe kote kwa pamoja kabla hujatoa EPUB.

Kugeuza PDF yenye maandishi

Umejaribu kulaza, umekata pambizo, na bado unaumia. Basi twende. Tovuti ya CloudConvert, ya kampuni ya Ujerumani, inafanya kazi ndani ya kivinjari cha simu, na kila siku inakuruhusu kugeuza mafaili kadhaa bila malipo. Tovuti nyingine za namna hii zimejaa vitufe vya uongo vya kupakua, ambavyo ni matangazo. Kitufe cha kweli hutaja jina la faili lako au kinakaa kando yake.

Unaweza kuomba PDF igeuzwe EPUB moja kwa moja. Fanya hivyo kama kitabu ni cha maelezo mfululizo na unakitaka usome wewe tu. Ukitaka kitabu kinachokaa vizuri, pita njia ndefu: geuza PDF iwe DOCX, ifungue kwenye Google Docs, isafishe, kisha utoe EPUB kwa hatua zile sita.

Nini cha kusafisha? PDF haijui aya wala sura. Inajua tu kwamba herufi fulani imekaa mahali fulani kwenye karatasi. Mashine inayogeuza hukisia mengine yote. Kwa hiyo tarajia namba za kurasa kuingia katikati ya sentensi, jina la kitabu lililokuwa juu ya kila ukurasa kujirudia, tanbihi kuingilia maelezo, na maneno yaliyokatwa kwa kistari kubaki na vistari vyao. Kagua mwanzo, katikati na mwisho. Sura ya kwanza ikiwa safi usiamini kwamba ya kumi nayo ni safi.

Usipakie kwenye tovuti hizi hati yenye kitambulisho chako, barua ya kazi, rekodi za wanafunzi au majibu ya hospitali. Unampa mtu usiyemjua nakala. Kwa vitu hivyo tumia kompyuta yenye Calibre, programu ya bure aliyoianzisha Kovid Goyal mwaka 2006, ambayo hugeuza bila kutuma chochote nje. Haipo kwa simu, lakini kuna toleo linalobebwa kwenye flashi, hivyo unaweza kulichomeka kwenye kompyuta ya Windows ya ndugu au ya saiba unayoiamini, ukafanya kazi yako na kuondoka na flashi yako. Kwa mwenye vitabu vingi, hiyo ndiyo njia bora kupita zote nilizotaja.

MOBI na AZW3 zinageuka EPUB kwa urahisi, kwa CloudConvert au kwa Calibre, kwa sababu tayari zina aya na sura ndani yake. Na anayesomea kwenye programu ya Kindle hahitaji kugeuza kabisa: atume EPUB, DOCX au PDF kupitia ukurasa wa Amazon wa kutuma vitabu, au kwa anwani ya barua pepe ya Kindle iliyo kwenye akaunti yake. Kwa barua pepe, ni lazima kwanza uiidhinishe anwani unayotumia kutuma, la sivyo kitabu hakifiki.

Kurasa zilizo picha

Kitabu kilichoskaniwa kinahitaji mashine isome picha na kuandika herufi. Kwa ukurasa mmoja au miwili, Google Lens inatosha: piga picha, chagua maandishi, nakili, bandika kwenye Docs. Kwa sura nzima, pakia PDF kwenye Google Drive, kisha kupitia kivinjari kilichowekwa mtindo wa kompyuta, ifungue kwa Google Docs, nayo itajaribu kuisoma. Igawe vipande vidogo kwanza.

Utalazimika kusahihisha. Hili linaonekana wazi kwenye Internet Archive, maktaba ya mtandaoni ambako kuna vitabu vingi vya karne ya 19 kuhusu Kiswahili na vya Kiswahili chenyewe. Karibu kila kimoja kina PDF ya picha, na vingi vina EPUB iliyotengenezwa na mashine bila mtu kuipitia. Katika EPUB hizo utakuta "rn" badala ya "m" na maneno yaliyounganishwa. Kwa vitabu hivyo mimi husoma PDF ya picha, kwa KOReader, na EPUB naitumia kutafuta neno tu.

Mashairi

Hapa naomba uangalifu wa pekee, kwa sababu mashine zote nilizozitaja huharibu shairi, na Mombasa ni mji wa mashairi.

Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, na kina huangukia katikati na mwisho:

Nimeifungua simu, nasoma nipo Likoni
Maneno yake matamu, yaniliwaza moyoni

Mshororo wa kwanza, ukihesabu herufi, koma na nafasi, una 36. Yaani unaingia kwenye kioo kilichosimama wima kwa shida, na ukiongeza ukubwa kidogo tu, neno la mwisho linaangukia mstari wa chini. Kina cha mwisho kinapotea machoni, na msomaji asiyelijua shairi anapoteza pumzi yake.

Kugeuza kutoka PDF ni kubaya zaidi. Mashine ikiona mistari mifupi inadhani ni aya iliyokatwa na ukingo wa karatasi, inaiunganisha: "Nimeifungua simu, nasoma nipo Likoni Maneno yake matamu, yaniliwaza moyoni". Ubeti umekuwa insha.

Kwa kusoma, laza simu na upunguze herufi hadi mshororo mmoja ukae mstari mmoja. Utenzi hauna shida hii, kwa kuwa mistari yake ni ya mizani minane.

Kwa kutengeneza EPUB ya mashairi, usitegemee kugeuza. Nakili beti kwenye Google Docs ubeti kwa ubeti, ukilinganisha na chanzo. Ondoa nafasi ya kabla na baada ya aya ili mishororo ya ubeti mmoja ikae pamoja, acha mstari mmoja mtupu kati ya beti, na uziwekee beti namba. Ukijua wasomaji wako watatumia simu wima, unaweza kuugawa kila mshororo mara mbili, ukwapi juu na utao chini yake ukiwa umeingizwa ndani kidogo. Wengine hawapendi hivyo. Mimi naona ni afadhali mkato upite pale mtunzi mwenyewe alipopumua kuliko upite popote kioo kinapoishia.

Tungo za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa, zilitufikia kwa sababu baada yake Mwalimu Sikujua, Mswahili wa mji huuhuu, alizikusanya na kuzinakili, na William Taylor, mmisionari Mwingereza, akazihifadhi. Anayegeuza diwani leo na kuisambaza kwa watu mia kwa WhatsApp anafanya kazi ya unakili ileile. Neno akilikosea, watu mia wamelipokea kosa.

Maandishi ya herufi za Kiarabu

Wanaosoma vitabu vya madrasa, au Kiswahili cha zamani kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, wajue mambo mawili. Miswada iliyopigwa picha, kama ile ya chuo cha SOAS cha London yenye makusanyo ya Taylor na ya William Hichens, mtafiti wa Kiswahili, ibaki ilivyo. Mashine za kusoma picha haziiwezi. Kwa maandishi yaliyochapwa, tatizo huwa ni fonti. Kiswahili kinahitaji herufi za p, ch, v na g ambazo Kiarabu sanifu hakina, na fonti isiyo nazo huonyesha viboksi vitupu. Pakua fonti ya Scheherazade New ya shirika la SIL, ambayo ni ya bure, uiweke kwenye folda ya fonti ya KOReader au Librera. Kisha hakikisha kurasa zinafunguka kutoka kulia.

Kusikiliza kitabu

Bibi ambaye macho yamepungua nguvu, au dereva wa tuktuk anayesubiri abiria, anaweza kusomewa. Kwenye mipangilio ya simu tafuta sehemu ya kugeuza maandishi kuwa sauti, uchague huduma ya Google, na upakue sauti ya Kiswahili. Ndani ya ReadEra gusa alama ya kusoma kwa sauti. Ukisikia Kiswahili kinasomwa kwa matamshi ya Kiingereza, kitabu kimeandikishwa lugha isiyo yake. Badilisha lugha ya sauti kwenye mipangilio ya msomaji huyo. PDF za picha hazisomeki kwa njia hii, maana hamna maneno ndani yake.

Vitabu vyenye kufuli, na haki ya mwandishi

Kitabu ulichonunua kwenye duka la mtandaoni mara nyingi kina kufuli la kidijitali, na kigeuzi kitakataa kukishughulikia. Kisome katika programu ya duka lililokuuzia. Usitafute namna ya kulivunja kufuli hilo.

Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 humlinda mwandishi maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwaka wa kifo chake. Tungo za Muyaka, aliyefariki katika karne ya 19, ziko huru. Utangulizi na maelezo ya mhariri wa juzi hayako huru. Vitabu teule vya KCSE vinavyozunguka kwenye makundi ya WhatsApp kila mwaka vina wenyewe, na wengi wao ni majirani zetu wa hapahapa Afrika Mashariki wanaoishi kwa kalamu. Kukigeuza kitabu ulichokinunua ili ukisome vizuri ni jambo moja. Kukisambaza kwa shule nzima ni kumnyima mtu jasho lake, na kitabu chake kijacho huenda kisiandikwe.

Vya halali vipo. African Storybook ina hadithi nyingi za watoto kwa Kiswahili zenye leseni huria, na mzazi wa Kisauni au Likoni anaweza kujaza simu yake kwa siku moja. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ina hazina yake ya masomo mtandaoni. Kampuni ya Kenya ya eKitabu huuza vitabu vya kielektroniki, na Project Gutenberg, aliyoianza Michael Hart mwaka 1971, ina maelfu ya vitabu vya Kiingereza vilivyo huru tayari katika EPUB.

Kuhifadhi

Tengeneza folda moja, iite Vitabu, na uhamishie humo kila kitabu ulichokisafisha. Kipe jina linaloeleweka: mwandishi, kichwa, mwaka. Jina kama "DOC-20230114-WA0007" halitakusaidia kitu mwezi ujao. Usiviache kwenye folda za WhatsApp, kwa sababu siku utakaposafisha simu ili upate nafasi, hivyo ndivyo vitakavyofutwa kwanza. Weka nakala ya folda nzima kwenye Google Drive au kadi ya kumbukumbu. Na pale ulipogeuza, tunza faili la asili pamoja na lile jipya angalau mpaka umalize kukisoma kitabu chote, kwa sababu kosa la kugeuza huweza kujificha mpaka sura ya mwisho.